Mikanda ya habari ya mwanzo wa vita, 1939–1941: uchukue ya Mwingereza, ya Mmarekani, ya Mjerumani au ya Mtaliano?

Mwalimu wa historia anatafuta dakika tatu za Dunkirk, bandari ya Ufaransa walikookolewa wanajeshi 1940. Mtengeneza makala anataka askari wa Keya, yaani King's African Rifles wa jeshi la Mwingereza, wakielekea Addis Ababa. Mtu wa makumbusho anataka picha za kuzunguka ukutani bila sauti. Picha za kuwatosha wote zimejaa mtandaoni, nyingi unaziangalia bila kulipa hata senti. Shida ni kwamba karibu kila moja imeshakatwa, ikaungwa na nyingine, ikavishwa sauti isiyozaliwa nayo, kisha ikapandishwa na mtu aliyeandika tarehe kwa kukisia. Ulinganisho huu unahusu kipindi kati ya Septemba 1939 na mwisho wa 1941, na unamfaa anayetaka kujua achukue mkanda wa nani kwa tukio lipi.

Mkanda wenyewe

Mkanda wa habari ulikuwa filamu ya milimita 35 iliyotangulia picha kubwa ya siku hiyo. Filamu ya sauti hukimbia picha 24 kwa sekunde, yaani futi 90 kwa dakika, kwa hiyo reli ya futi 1,000 ni dakika 11 na sekunde chache. Uingereza ilikuwa na kampuni tano, kila moja ikitoa toleo jipya mara mbili kwa wiki: Pathé Gazette, British Movietone News, Gaumont British News, British Paramount News na Universal News. Watu milioni 19 hivi waliingia sinema kila wiki nchini humo, na kwa wengi wao hapo ndipo vita vilipoonekana kwa macho badala ya kusikika redioni.

Nakala zilihama kutoka jumba hadi jumba. Sinema kubwa ya London ililipa zaidi na kupata toleo likiwa bichi. Ile ya mji mdogo ililipa kidogo, ikalipata limechakaa, wiki kadhaa baadaye. Ukiandika kwamba watu waliona jambo fulani tarehe ya toleo, umesema kweli kwa wachache tu. Na siku za kwanza kabisa hawakuona chochote: vita vilipotangazwa 3 Septemba 1939 serikali ya Uingereza ilifunga sinema zote kwa hofu ya mabomu, na zilianza kufunguliwa tena mwezi huo huo.

Jedwali hili ni la haraka. Mambo yenyewe yako chini yake.

| Mfululizo | Sauti ya msimuliaji | Unapofaa zaidi | Haki za kutumia |
|---|---|---|---|
| Pathé Gazette | Bob Danvers-Walker, kuanzia 1940 | raia, mabomu London, askari wanaorudi | British Pathé. Kuangalia bure, kutumia kwa leseni |
| British Movietone News | Leslie Mitchell | hotuba na sherehe | shirika la habari la AP. Kwa leseni |
| Universal Newsreel ya Marekani | Graham McNamee, kisha Ed Herlihy | picha za pande zote mbili kabla ya Desemba 1941 | mali ya umma |
| Die Deutsche Wochenschau | Harry Giese | mapigano ya karibu, Poland na Ufaransa | Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Kwa leseni |
| Giornale Luce | Kitaliano | Pembe ya Afrika upande wa Mtaliano | Archivio Luce. Kwa leseni |

Kabla ya kuendelea, angalia mtego ulio ndani ya jedwali lenyewe: Universal zilikuwa mbili. Ile ya Uingereza na ile ya Marekani ni kazi tofauti, na iliyoachiwa umma ni ya Marekani peke yake. Ukipakua kipande kilichoandikwa "Universal" chenye msimuliaji wa lafudhi ya Kiingereza cha London, usikihesabu kuwa cha bure.

Waingereza watano, picha zile zile

Anayeanza hudhani kwamba akilinganisha Pathé na Gaumont atapata mashahidi wawili. Mara nyingi atapata mmoja. Nafasi za wapigapicha melini na kwenye medani zilikuwa chache, kwa hiyo kampuni ziligawana zamu: mpigapicha wa kampuni moja anakwenda, na picha zake zinagawiwa kwa zote. Filamu ilipita kwa wakaguzi wa serikali kabla ya kutoka. Ndiyo sababu meli ile ile inageuka kwa pembe ile ile katika mikanda mitatu. Kinachotofautiana ni maneno, muziki na mkasi.

Kwa mnunuzi maana yake ni pesa. Kabla ya kulipia kipande cha kampuni ya pili, weka vipande viwili dirisha kwa dirisha na utafute alama moja isiyobadilika, kwa mfano mtu anayepita mbele ya kamera au moshi unaojikunja. Ikiwa imo katika vyote viwili, lipia chenye nakala safi zaidi na uachane na kingine.

Kama unachotaka ni maneno, hapo tofauti ni kubwa. E.V.H. Emmett wa Gaumont British anapenda utani na kejeli; Leslie Mitchell wa Movietone ni mpole, sauti ya mtangazaji aliyeoga na kuvaa tai. Danvers-Walker anapiga kifua. Kwa darasa la sekondari tungechukua Gaumont, kwa sababu kejeli ya Emmett humfanya mwanafunzi auliza mwenyewe: huyu anataka nicheke kwa nini? Sauti ya Mitchell inapita kama maji, na mwanafunzi haoni kwamba ameshawishiwa.

Kuna kipimo kidogo cha umri wa nakala. Jina Pathé Gazette lilitumika Uingereza hadi 1945. Jina Pathé News likaingia 1946. Kipande cha Uingereza kinachodaiwa kuwa cha 1940 huku kadi ya mwanzo ikisema Pathé News kimeungwa upya baadaye. Marekani jina Pathé News lilikuwepo zamani, kwa hiyo sikiliza lafudhi kwanza kabla ya kumhukumu aliyekipandisha.

Dunkirk kwa macho mawili

Hapa ndipo ulinganisho unapolipa. Kati ya 26 Mei na 4 Juni 1940, wanajeshi 338,226 waliokolewa kutoka Dunkirk na fukwe zake. Picha zilizopigwa ufukweni kwenyewe ni chache. Mkanda wa Uingereza unakaa zaidi upande wa pili wa maji: meli zikifika bandarini, askari wakishuka na mablanketi mabegani, madirisha ya treni yamejaa nyuso, akina mama wakipitisha chai na mikate, vidole gumba juu. Tazama mikono ya askari wanaposhuka. Baadhi wana bunduki, wengi hawana kitu kingine chochote. Msimuliaji hagusi jambo hilo.

Mjerumani aliingia Dunkirk 4 Juni akiwa na kamera, na akapiga kile ambacho mikono ile ilikiacha: malori yaliyopangwa kuingia baharini, mizinga iliyoinamisha midomo, kofia za chuma mchangani. Waingereza waliacha Ufaransa mizinga zaidi ya 2,000 na magari zaidi ya 60,000. Katika Wochenschau, mkanda wa Mjerumani, unayaona magari hayo safu kwa safu. Katika Pathé hayapo.

Ukichukua mmoja tu, wowote, umeeleza nusu ya jambo. Tunapendekeza uweke sekunde 40 za treni, kisha sekunde 40 za ufukwe, bila sauti zote mbili, halafu urudie ukiwa na sauti. Mpangilio huu unafaa kuliko kuanza na sauti, kwa sababu mtu akishaambiwa anachokiona hukiona hicho hicho.

Tahadhari moja kwa atakayetumia upande wa Wajerumani darasani. Mikanda ya Ufaransa ya Mei na Juni 1940 inawaonyesha kwa muda mrefu wafungwa Waafrika wa jeshi la Ufaransa, wale Tirailleurs, kamera ikiwasogelea usoni na msimuliaji akiwadhihaki kama washenzi walioletwa kupigana Ulaya. Hicho si kipengele kilichopachikwa pembeni. Ndicho hoja ya mkanda. Na ambacho haukuonyesha ni kwamba siku zile zile wanajeshi wa Kijerumani waliwapiga risasi mamia ya Tirailleurs waliokwisha kujisalimisha, kama ilivyotokea Chasselay karibu na Lyon tarehe 19 na 20 Juni. Ukionyesha picha za wafungwa bila habari hiyo, unaiendeleza kazi ya Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, kwa mikono yako.

Mjerumani: picha nzuri kupita kiasi

Kwa ubora wa picha, hakuna ubishi, Wochenschau inawashinda wote. Wapigapicha walikuwa wanajeshi wa vikosi maalumu vya propaganda, waliotembea na vikosi vya mbele wakiwa na kamera nyepesi za mkononi, nao walikufa kama askari wengine. Serikali ilitoa filamu bila kubana. Kiangazi cha 1940, toleo moja lilifika dakika 40 hivi, wakati Mwingereza alikuwa na dakika kumi au chini yake, na kuanzia 1943 uhaba wa filamu ukamshusha hadi futi 700 hivi, dakika 7 na sekunde 47.

Uzuri huo ndio unaowaponza watengeneza makala. Karibu kila filamu ya runinga kuhusu 1940 inatumia mizinga na ndege za Wochenschau kama picha za "vita" kwa ujumla, na mtazamaji anaondoka akiamini kwamba jeshi la Ujerumani lote lilipanda magari. Sehemu kubwa ya jeshi hilo ilitembea kwa miguu, mizigo ikivutwa na farasi. Farasi wamo ndani ya mikanda, lakini mkasi haukuwapenda.

Vipimo vya tarehe kwa Mjerumani ni rahisi kuliko kwa wengine. Vita vilipoanza kulikuwa na majina manne, likiwemo Ufa-Tonwoche. Jina Die Deutsche Wochenschau peke yake lilianza Juni 1940. Fanfare ya Liszt, ile ya tarumbeta kutoka Les Préludes, iliingia na vita vya Urusi mwezi Juni 1941. Kwa hiyo kipande cha "Poland, Septemba 1939" chenye jina Die Deutsche Wochenschau na tarumbeta za Liszt kimetengenezwa na mtu wa baadaye, hata kama picha zenyewe ni halali.

Kuhusu Poland yenyewe, mambo mawili. Ile picha mashuhuri ya askari waking'oa kizuizi cha mpakani huku wakitabasamu ilipangwa kwa ajili ya kamera. Watu wamesimama wote upande mmoja wa mti ili wasifichane, na hakuna anayeangalia anakokwenda. Na meli Schleswig-Holstein ilianza kupiga Westerplatte, kambi ya Wapoland, saa 11 kasoro robo alfajiri ya 1 Septemba, lakini kambi hiyo ilishikilia siku saba. Picha ya meli ikifyatua kwenye jua kali haiwezi kuitwa risasi ya kwanza ya vita.

Kwa upande wa waliopigwa, mtafute Julien Bryan. Mmarekani huyu aliingia Warszawa 7 Septemba 1939 na kamera yake, akapiga mji uliozingirwa kwa wiki mbili, akatoka na filamu. Maiti za wanawake shambani, foleni za mkate, hospitali iliyobomolewa: hayo hayapo kwa Mjerumani, na kwa Mwingereza hayakuweza kupatikana. Kama unahitaji Poland kwa dakika mbili tu, chukua Bryan.

Mmarekani: duka lenye bidhaa za pande zote

Hadi Desemba 1941 Marekani haikuwa vitani, na kampuni zake zilipokea filamu kutoka Berlin na kutoka London vilevile. Ndani ya toleo moja la Universal unaweza kukuta ndege za Kijerumani zikipaa kwenda Uingereza na, dakika moja baadaye, wazima moto wa London. Kila upande umeshapitisha mkasi wake, kisha mhariri wa New York akapitisha wa tatu. Kwa anayefundisha jinsi habari inavyopikwa, hakuna chanzo bora, na ni bure: Universal iliukabidhi mkusanyiko kwa National Archives ya Marekani miaka ya 1970 na kuachia haki. Angalia tu muziki, ambao unaweza kuwa na mwenyewe, na picha zilizotoka kwa kampuni nyingine.

Kasoro yake ni ubora. Tarehe 7 Desemba 1978 moto uliteketeza zaidi ya futi milioni 12 za filamu za Universal zilizohifadhiwa Suitland, Maryland. Zilikuwa za naitreti, aina ya zamani ya filamu ambayo ikishika moto inatengeneza oksijeni yake yenyewe, na maji hayaizimi. Mengi ya unayopakua leo yametoka kwenye nakala ya nakala: weupe umeungua, weusi umekuwa tope.

Tukio ambalo Mmarekani analiweza kuliko wote ni la Graf Spee, meli ya kivita ya Mjerumani. Mapigano yake na Waingereza ya Mto Plate, Amerika Kusini, 13 Desemba 1939, hayakuwa na kamera ya habari karibu. Anayekuonyesha mizinga ikifyatuliana ameazima picha za mazoezi. Lakini meli ilipojificha Montevideo, mji wa nchi isiyo vitani, wapigapicha walikuwa na siku kadhaa za kutega. Jioni ya 17 Desemba ilitoka nje na kulipuliwa na mabaharia wake wenyewe, jua likizama nyuma yake. Ukitazama kipande kirefu utaona kitu adimu kwa miaka hiyo: moshi unapanda na kamera haikatiki, inasubiri. Tafuta toleo lenye moshi huo mrefu. Matoleo mafupi hukata mara mbili na kupachika mlipuko mwingine.

Picha ambazo kila mtu anazitumia vibaya

"Ngoma ya Hitler" ndiyo ya kwanza. Hitler anainua mguu na kuruka ruka kwa furaha, na maelezo husema ni Compiègne, mahali pa kutia saini kusitisha vita, Ufaransa imesalimu amri. Picha ya asili ilipigwa 17 Juni 1940 kwenye makao yake makuu Brûly-de-Pesche, Ubelgiji, habari za Ufaransa kuomba kusitisha vita zilipofika, na ndani yake anainua mguu mara moja tu na kuushusha. Wahariri wa upande wa Washirika walizichukua fremu chache na kuzirudia mpaka ikawa ngoma. Ukiwa na programu yoyote ya kuhariri, songesha fremu moja moja na usimtazame yeye. Watazame waliosimama nyuma. Bega la mmoja wao likirudi ghafla mahali pale pale kila baada ya fremu kadhaa, umekishika kitanzi.

Ya pili ni Mfaransa anayelia, eti Wajerumani wanaingia Paris 14 Juni 1940. Ilipigwa Marseille, kusini, bendera za vikosi vya Ufaransa zilipokuwa zikisafirishwa kwenda Afrika. Machozi ni ya kweli. Mji ndio wa uongo.

Ya tatu ni hotuba ya Stalin ya 7 Novemba 1941 katika Uwanja Mwekundu. Gwaride liliwahishwa kwa siri, wapigapicha wa sauti wakaikosa hotuba, na ikabidi irudiwe ndani ya Kremlin mbele ya jukwaa la kuigiza. Theluji inaanguka katika picha za gwaride, lakini mdomoni mwa Stalin hakutoki mvuke.

Ya nne ni Pearl Harbor. Sehemu kubwa ya "ndege za Kijapani zikipiga meli" inayozunguka mtandaoni imetoka katika filamu December 7th ya John Ford na Gregg Toland, iliyotengenezwa baadaye kwa vielelezo vidogo, moshi wa studio na waigizaji. Mpigapicha wa Fox Movietone, Al Brick, alikuwa hapo siku yenyewe, lakini picha zake zilizuiliwa karibu mwaka mzima. Kanuni ya haraka: kamera ikiwa karibu sana na imetulia sana, ni studio.

Ambayo hutayapata

Usipoteze wiki ukitafuta kuzama kwa meli ya Uingereza Lancastria, 17 Juni 1940, maelfu wakiangamia karibu na Saint-Nazaire. Serikali ya London iliizuia habari yenyewe zaidi ya mwezi, na mikanda haikuwa na la kuonyesha.

Barham, manowari ya Uingereza, ni kinyume chake: picha ipo, na ni ya kutisha kuliko zote za baharini. Tarehe 25 Novemba 1941 John Turner wa Gaumont British alikuwa ndani ya Valiant, manowari nyingine, wakati torpedo zilipoigonga Barham. Meli inalala ubavu taratibu, watu wanaoonekana kwa mbali kama sisimizi wanateleza juu ya tumbo lake, kisha ghala la baruti linalipuka na kila kitu kinatoweka ndani ya moshi. Zaidi ya 800 walikufa. Hakuna mtazamaji wa sinema aliyeiona wakati wa vita. Ilitoka baada yake. Kwa hiyo usiitie katika makala ya "yale waliyoyaona watu 1941". Wengi hufanya hivyo.

Fremu, kasi na sauti

Mkanda wa picha 24 kwa sekunde ukibadilishwa kuwa 25 kwa runinga za mfumo wa PAL, dakika 10 zinakuwa 9 na sekunde 36, na sauti ya msimuliaji inapanda kidogo. Ukivipanga vipande viwili sambamba vikaachana polepole, mara nyingi sababu ni hiyo. Irudishe 24 kabla ya kulinganisha. Nakala zilizopitia mfumo wa Marekani wa picha 29.97 zina fremu zilizojirudia. Mwendo unagugumia, hasa kamera inapozunguka.

Umbo la picha ni 1.37 kwa 1. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, picha sahihi ina upana wa pikseli 1,480 hivi, na kingo mbili nyeusi pembeni. Waache waseme haijajaa. Ukiivuta ijae, magurudumu yanakuwa mayai. Ukiikata juu na chini, unakata kofia za watu na maandishi ya kadi.

Na sauti za mizinga ni za studio, kwa karibu kila mkanda hapa. Kamera ndogo za medani hazikunasa sauti. Kipimo chake ni hesabu ya shule: sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, karibu fremu 70. Mlipuko ulio mbali ukisikika papo hapo na mwako wake, sauti imebandikwa. Kwa hiyo kuondoa sauti ya asili hakukupotezei ushahidi wa vita, kunakupotezea ushahidi wa propaganda. Amua unahitaji upi.

Vita vilivyopita kwetu

Italia iliingia vitani 10 Juni 1940, na Agosti mwaka huo ikawafukuza Waingereza Somalia ya Kiingereza, Berbera ikianguka tarehe 19. Mwaka uliofuata upepo uligeuka: majeshi yaliyotoka Kenya, wakiwemo askari wa Keya, Wanaijeria, Wagold Coast na Waafrika Kusini, yaliingia Mogadishu 25 Februari 1941 na Addis Ababa 6 Aprili, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,500 kutoka Mto Tana. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alirudi mjini 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Mtaliano aingie. Ngome ya Mtaliano ya Amba Alagi ikasalimu amri katikati ya Mei, na Gondar, ya mwisho, 27 Novemba.

Kwa haya, uchaguzi tulioufanya hapo juu haufai tena. Wochenschau haina la maana. Universal inagusa na kupita. Wanaobaki ni watatu.

Giornale Luce wa Italia anafaa kwa 1940 na kwa kuelewa utawala wenyewe, barabara zake, gwaride na maaskari wa Kieritrea na Kisomali. Tangu ushindi ulipoanza kuyeyuka, Luce analegea. Usitarajie akuonyeshe bendera ikishushwa. Sheria ya Mussolini iliwalazimisha wenye sinema kuonyesha mikanda ya Luce, kwa hiyo walau una uhakika kwamba Waitaliano waliiona.

Mwingereza ana kurudi kwa Mfalme wa Habeshi, na hilo alilipenda: mfalme, wazungu wanaopiga saluti, umati. Picha zilichelewa, maana filamu ilibidi isafiri hadi Cairo au London. Kwa askari Mwafrika, tafuta badala yake katika War Pictorial News, mfululizo uliotengenezwa Cairo na sasa uko Imperial War Museums. Katalogi ya makumbusho hayo huorodhesha picha moja baada ya nyingine. Isome kabla ya kutazama, utaokoa saa nyingi. Utakuta Keya wakivuka mto, wakisukuma lori, wakipanda mlima. Jina la hata mmoja halitajwi, wakati afisa aliye kando yao ametajwa kwa cheo na jina.

Wa tatu ni Colonial Film Unit, iliyoanzishwa London 1939 chini ya Wizara ya Habari na kuongozwa na William Sellers. Hii ndiyo iliyolengwa kwa watazamaji wa makoloni, na mfululizo wake The British Empire at War ulikuwa aina ya mkanda wa habari kwao. Sellers aliamini Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye mikato ya haraka, kwa hiyo picha ni ndefu, kamera haihami, kila kitendo kinaonyeshwa toka mwanzo hadi mwisho. Dharau hiyo imetuachia faida asiyoikusudia: hizi ndizo picha zisizokatwakatwa kuliko zote, na mtafiti wa mavazi, vifaa au njia za kazi atazipenda. Tovuti ya Colonial Film ina maelezo ya filamu zaidi ya 6,000 na takriban 150 za kutazama.

Nyingi zilikuwa za milimita 16, bubu, zikizungushwa na magari ya sinema vijijini. Hapa kasi inakudanganya tena. Reli ya futi 400 kwa picha 16 kwa sekunde ni dakika 16 na sekunde 40. Kwa 24 ni dakika 11 na sekunde 7. Watu wakitembea kama wanakimbizwa na nyuki, punguza mwendo hadi wa kawaida, ukikadiria kwa hatua ya mtu: hatua mbili kwa sekunde ni mwendo wa kawaida.

Sauti ilitoka kwa mkalimani aliyesimama kando ya turubai na kipaza sauti, akieleza kwa lugha ya mahali pale: Kiswahili pwani na mijini, nyingine bara. Jaribio la awali la filamu kwa Waafrika, lile la Vugiri, Usambara, mwaka 1935 hadi 1937, lilikuwa limebandika maelezo kwenye santuri. Kwa magari ya wakati wa vita maelezo yaliishia hewani. Maandishi aliyopewa mkalimani hayaonyeshi alichokisema, wala utani alioongeza, wala alichokiruka watu walipoanza kuzomea. Kwa hiyo kipande chochote cha Colonial Film Unit chenye maelezo ya Kiswahili safi yaliyopangwa vizuri kimewekewa sauti baadaye. Ukirekodi ya kwako, andika mwaka wa kurekodi kwenye kona ya chini ya picha tangu fremu ya kwanza, usiuache mwishoni kwenye majina, maana mtu atakata kipande chako pia.